Nafasi ya Saba

Mwaka 1986 timu ya mji wetu ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka: Tukuyu Stars, iliyopanda daraja na kuchukua kikombe katika msimu wake wa kwanza kule juu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka watu wamejazana mbele ya duka moja lenye redio, mvua ya Tukuyu inanyesha kama kawaida yake, na baba mdogo amenibeba mabegani ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kubebwa. Baadaye timu ile ikashuka. Hakuna aliyetueleza kwa nini jambo kama hilo lifanyike, wala hakuna aliyeuliza. Aliye mkiani anashuka, aliye chini akishinda anapanda. Tuliyapokea hayo kama tunavyopokea masika na kiangazi.

Nimeanzia huko kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia ilitokea mbali sana na Tukuyu, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, nchini Marekani, ambako nimeishi zaidi ya miaka ishirini. Tena inahusu mchezo wa video. Najua wapo watakaocheka: mtu mzima, baba wa watoto, anakaa mbele ya televisheni na kidude cha mkononi akigombania mpira usiokuwepo. Na wacheke. Mimi mwenyewe nilicheka siku ya kwanza.

Mpira wa huko ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, na katika Ohio unaopendwa kuliko wote ni wa vyuo vikuu. Mgeni hawezi kulielewa jambo hili mpaka alione. Uwanja wa chuo kikuu cha Ohio State ulifunguliwa mwaka 1922 na unachukua watu zaidi ya 100,000, nao hujaa kwa ajili ya vijana wanaosoma. Jimbo hilo moja lina vyuo vikuu 8 vinavyocheza katika ngazi ya juu ya mchezo huo: Ohio State, Cincinnati, Toledo, Akron, Kent State, Bowling Green, Miami (chuo cha Ohio, wala si mji wa Florida) na Ohio University. Nasi tulikuwa watu wanane.

Tulifahamiana katika ghala tulilokuwa tukifanya kazi zamu ya usiku, tukipakia mizigo. Wamarekani watatu, Wakenya wawili, Msomali mmoja aliyekulia Mombasa, kijana mmoja Mkongo wa kutoka Bukavu, na mimi. Majina yao nitayaacha. Wenyewe tulikuwa tukiitana kwa timu zetu, na mpaka leo mke wangu akipokea simu huniambia, "Toledo anakutafuta."

Huyo Toledo ndiye aliyenifundisha mchezo. Ni Mmarekani, mzaliwa wa mji huohuo wa Toledo, mtu mnene, mpole, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni. Wakati wa mapumziko ya saa nane za usiku alikuwa akinichorea mipango ya mashambulizi juu ya makatoni, na mimi namsikiliza kama mwanafunzi wa madrasa. Mwaka 2014 akaja kwangu na mashine yake ya michezo kwapani na diski moja ndani yake, akaniachia, kwa kuwa sebule yangu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Diski ile ina historia yake. Ilitolewa Julai 2013, na miezi miwili baadaye kampuni ikatangaza kwamba haitatoa nyingine mwaka uliofuata. Tangu 2009 kulikuwa na kesi, iliyofunguliwa na mchezaji wa zamani wa mpira wa kikapu aitwaye Ed O'Bannon, kuhusu vyuo na makampuni kuuza sura za wanafunzi bila wenyewe kulipwa. Ndani ya mchezo wachezaji hawakuwa na majina, namba tu mgongoni, lakini kimo, rangi na jimbo walilotoka vilikuwa vyao kabisa. Mtoto mdogo angewatambua. Basi mchezo ule ukakaa miaka 11 bila mrithi, na diski kuukuu zikawa zinauzwa ghali kuliko zilipokuwa mpya. Yetu tuliitunza kama hati ya nyumba.

Wazo la kupanda na kushuka daraja lilikuwa langu. Wamarekani hawana kitu hicho katika mpira wao. Timu ikishindwa mechi zote inabaki palepale. Na katika ligi yao ya kulipwa aliye wa mwisho hata hupewa haki ya kuchagua kwanza miongoni mwa wachezaji wapya. Nilipomweleza Toledo kwamba kwetu mkia unakatwa, aliuliza, "Halafu inakwenda wapi?" Nikamwambia inakwenda chini. Akafikiri kidogo, akasema hilo ni jambo la kikatili, tena ni zuri sana.

Mchezo wenyewe uliruhusu. Msimu ukiisha, unaweza kuingia katika ukurasa wa kupanga ligi na kuhamisha vyuo kutoka kundi moja kwenda jingine. Tukaunda makundi mawili ya timu 8, la juu na la chini, tukawagawa wanane wetu kwa kura, wanne huku na wanne huku, na nafasi zilizobaki tukajaza vyuo vya majimbo mengine vinavyoongozwa na kompyuta. Mbili za mwisho juu zinashuka, mbili za kwanza chini zinapanda. Jumamosi moja, wiki moja ya mchezo. Msimu mmoja ulichukua kama miezi mitatu. Mimi nikachaguliwa kamishna, nadhani kwa sababu umeme uliotumika ulikuwa wangu.

Usidhani kushuka kulikuwa jina tu. Katika mchezo ule kocha husajili vijana wa sekondari, na kijana hutazama mambo mengi kabla ya kukubali: umbali kutoka kwao, nafasi ya kucheza, mechi kuonyeshwa kwenye televisheni, na hadhi ya ligi. Ukiwa kundi la chini, wale wazuri hawakuangalii. Ukishuka leo, mwaka kesho kikosi ni dhaifu, na wa tatu ni dhaifu zaidi. Bowling Green, Mkenya mmoja mwenye maneno mengi, alishuka msimu wa pili akakaa chini misimu sita, na maneno yakampungua. (Ohio State hakushuka hata mara moja. Aliyeipata kwa kura alikuwa Mkenya wa pili, na sisi saba hatujamsamehe.)

Kanuni niliziandika katika daftari la shule, kwa mkono. Ya nne ilisema: asiyehudhuria, timu yake itachezewa na kompyuta, na matokeo yatahesabiwa, sababu yoyote iwayo. Maneno hayo ya mwisho niliyaongeza mwenyewe na kuyapigia mstari. Nilikuwa nimesoma mahali jinsi Waingereza walivyofika kwenye utaratibu huu. Zamani walikuwa wakiamua nani apande na nani ashuke kwa mechi za majaribio, mpaka Aprili 1898 Stoke na Burnley walipoingia uwanjani kila mmoja akihitaji sare tu, wakacheza dakika zote bila mtu kupiga golini. Baada ya hapo majaribio yakafutwa, ukaachwa msimamo wa ligi uamue. Hicho ndicho nilichokitaka: msimamo uamue, watu wasizungumze.

Mwaka 2018 mke wa Toledo alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa njiti, akawekwa kwenye mashine ya joto, na Toledo akawa anatoka hospitali anakuja kazini, anatoka kazini anakwenda hospitali. Jumamosi nne hakuonekana. Kompyuta ikamchezea mechi nne na kupoteza zote nne. Msimu ulipokwisha alikuwa wa saba, nyuma ya wa sita kwa ushindi mmoja.

Jumamosi ile alikuja. Mtoto alikuwa ameanza kunyonya. Watu wakampa mikono, wakamletea chakula, na mimi nikawasha mashine na kufungua ukurasa wa kupanga ligi. Sebule ikanyamaza. Msomali, ambaye ni Cincinnati, akaniambia kwa Kiswahili ili wengine wasisikie, "Kaka, mwaka huu muache." Nikamjibu kwamba kanuni ni kanuni. Nikamhamisha Toledo mbele ya macho yake, na Ohio University, mzee wa Kimarekani aliyekuwa karibu kustaafu, akapanda. Toledo akasema tu, "Sawa, kamishna," akaendelea kula.

Nilijisikia vizuri usiku ule. Sitaficha. Nilijiona mtu wa haki, mtu asiyeangalia sura. Mke wangu alikuwa jikoni na alisikia yote. Walipoondoka aliniuliza kama katika daftari langu kuna kanuni ya kumtembelea mgonjwa, maana hospitali nilikuwa sijakwenda. Nikamwambia hayo ni mambo mawili tofauti. Akasema, "Haya."

Toledo alikaa chini misimu mitatu, kisha akapanda kwa mikono yake.

Mwaka 2022 mama yangu alifariki. Nilipigiwa simu Jumanne alfajiri, na Alhamisi nilikuwa ndani ya ndege. Kutoka Columbus mpaka Tukuyu ni safari ndefu hata kwa mtu mwenye furaha. Nilikuta ameshazikwa. Nilikaa wiki tano, kwa matanga na kwa yale yanayofuata matanga: shamba, madeni madogo, nguo zake, nani achukue ng'ombe. Ligi sikuikumbuka hata mara moja, mpaka jioni moja nimekaa mkekani nje na baba mdogo, yuleyule, sasa mzee wa fimbo, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Toledo, kwa niaba ya wote. Akron ilikuwa imemaliza ya saba. Wamekutana, wamepiga kura, na wamekubaliana kwamba mtu aliye msibani hashushwi. Timu ya nane, ya kompyuta, itashuka peke yake. Aliyetoa hoja ni yeye Toledo. Pole sana, kamishna.

Niliusoma mara mbili. Baba mdogo akauliza kuna nini. Nikamwambia ni rafiki zangu wa kazini, wananipa pole. Akasema hao ni watu wema. Nikaandika "Asanteni," nikauweka simu mfukoni.

Nimelirudia neno lile mara nyingi. Ningeweza kuandika kanuni ya nne, maneno matatu tu: "sababu yoyote iwayo." Ningeweza kusema nishusheni, kama nilivyomshusha yeye. Sikusema. Nilikuwa nimechoka, nina huzuni, na kupendwa ni kutamu. Na zaidi ya hayo, sikutaka kushuka. Nilikuwa na kikosi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuwa nacho, na kijana mmoja wa kurusha mpira niliyemsajili kwa taabu. Haya nayaandika kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: mama yangu yu kaburini, na pembeni ya moyo wangu kulikuwa na furaha kwamba Akron inabaki juu.

Niliporudi, kazi ya kuhamisha timu ilikuwa bado inanisubiri, kwa sababu hakuna aliyetaka kugusa kiti cha kamishna. Nikafungua ukurasa. Nikashusha ile ya kompyuta, nikapandisha ya kwanza kutoka chini, na hapo ndipo nilipoona. Aliyemaliza wa pili kule chini alikuwa Kent State.

Kent State alikuwa kijana wetu wa Bukavu, mdogo kuliko sote. Tangu 2014 alikuwa hajapanda hata mara moja. Chuo chenyewe ni dhaifu, naye alianza mchezo bila kujua hata kwa nini watu wanakimbizana. Kila msimu alikuwa wa tano, wa sita, anacheka, anabeba viti baada ya mechi. Msimu ule, nikiwa Tukuyu, alishinda mechi sita kati ya saba za kundi. Nafasi yake ilikuwepo. Nilikuwa nimeikalia mimi.

Nikamtazama. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kama kawaida. Nikamwuliza, "Na wewe ulipiga kura?" Akasema, "Ndiyo, mukubwa. Mama ni mama." Alikuwa hakosi kuniita hivyo, mukubwa, kwa Kiswahili chake cha kwao. Nikabonyeza, msimu mpya ukaanza.

Hapa msomaji anaweza kuniambia kwamba ni mchezo tu, na kweli ni mchezo. Lakini mpaka siku ile nilikuwa nikifikiri kushuka daraja ni adhabu, na kwa hiyo swali lilikuwa la huruma au la ukali: umsamehe mtu au usimsamehe. Sikuwa nimefikiri kwamba nafasi ya saba ina watu wawili, anayetoka na anayengoja kuingia, na kwamba huyu wa pili kwa kawaida hayumo chumbani wakati wa kusameheana, au yumo lakini amekaa sakafuni. Mwaka 2018 nilikuwa sahihi pengine, kwa ajili ya yule mzee wa Ohio University aliyestahili kupanda. Lakini sikumfikiria hata kidogo. Nilikuwa nafikiria daftari langu.

Mwaka uliofuata nikayaona hayo kwa ukubwa wake katika mpira wa kweli. Ligi ya vyuo vya pwani ya magharibi, Pac-12, ilivunjika kwa sababu ya fedha za televisheni. Siku moja tu, tarehe 4 Agosti 2023, vyuo vitano vilitangaza kuhama: Oregon na Washington upande mmoja, Arizona, Arizona State na Utah upande mwingine. Kabla ya katikati ya Septemba vilikuwa vimebaki viwili kati ya 12, Oregon State na Washington State. Oregon State ilishinda mechi 8 msimu huohuo. Ilishushwa bila kushindwa. Na upande wa pili, msimu wa 2024 Kent State ya kweli ilipoteza mechi zote 12, sifuri kwa kumi na mbili, na mwaka uliofuata ilikuwa katika ligi yake ileile. Toledo aliniambia, tukila makatoni ya wali wetu saa nane za usiku, kwamba sasa anaelewa kwa nini sisi wageni tunapenda msimamo wa ligi: angalau unajua nani amekushusha. Sikumjibu. Alikuwa hasemi kwa kunichoma. Si mtu wa hivyo. Kuhusu 2018 hajawahi kuniuliza kitu, na yule mtoto njiti sasa anacheza mpira wa miguu na binti yangu.

Kijana wa Bukavu alihama. Alipata kazi Texas majira ya kuchipua ya 2023, msimu wetu ukiwa katikati, yeye akiwa wa tatu. Tulimfanyia sherehe ndogo. Akabeba viti. Timu yake ikaachiwa kompyuta, na kompyuta, kwa dharau yake isiyojua kitu, ikaipandisha daraja msimu uleule.

Julai 2024 mchezo mpya ukatoka hatimaye, safari hii wachezaji wakiwa na majina yao na kila aliyekubali akilipwa dola 600. Timu zote 134 zimo, na unachezwa kwa intaneti, kila mtu nyumbani kwake. Sebule yangu imekuwa kubwa bure. Nikaanza kuwakusanya upya, na wa kwanza kumpigia alikuwa yule wa Texas. Akasema anataka Kent State ileile. Nikamwuliza, kwa nini usichukue timu ya huko kwenu sasa? Akacheka.

Wengine walitaka tupige kura kama mwanzo, nani aanze juu na nani aanze chini. Nikasema kamishna atapanga. Wakanung'unika kidogo, kisha wakaacha, maana ndiyo mara ya kwanza nilikuwa nimetumia cheo hicho kudai kitu. Nikaweka Kent State juu, na Akron chini, nikawatumia picha ya msimamo.

Baada ya dakika chache Texas akaandika: "Mukubwa, umekosea. Umeniweka kwa juu."

Nikamwandikia kwamba sikukosea. Akaweka alama ya kuuliza. Nilikuwa bado natafuta maneno wakati Toledo alipoingilia kati na kuuliza mechi ya kwanza ni saa ngapi, kwa saa za Ohio au za Texas.